Simu imemtia kijana hofu: namna ya kuitambua hofu hiyo na kuituliza, hatua kwa hatua

Baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani, Aprili 2013, watafiti waliwahoji maelfu ya watu ndani ya wiki chache. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yaliwashangaza wengi: waliokuwa wakifuatilia habari za tukio lile kwa saa 6 au zaidi kila siku katika wiki ya kwanza walikuwa na dalili nyingi zaidi za msongo kuliko watu waliokuwapo pale pale mabomu yalipolipuka. Hao walikuwa watu wazima. Kijana wa kidato cha kwanza mwenye bando la usiku hutazama peke yake, chini ya shuka, na hana wa kumuuliza.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, mwalimu wa ushauri nasaha, au matroni na patroni wa bweni. Unahusu vijana wa miaka 10 hadi 19, na panapohitajika tunawataja wadogo zao, maana simu moja huzunguka nyumba nzima.

Jambo la kushika kabla ya mengine: usiichukue simu kabla hujajua hofu ni ya aina gani. Dawa ya hofu moja huwa sumu kwa nyingine. Kijana aliyeona video ya maiti anahitaji kupumzishwa na simu. Kijana anayetishiwa na tapeli mwenye picha zake anahitaji simu hiyohiyo ibaki salama, kwa kuwa ushahidi wote umo ndani yake. Ukiwatendea wote wawili sawa, mmoja utamponya na mwingine utamzamisha.

Hatua ya 1: Tambua hofu ni ipi

Hofu zinazotoka kwenye simu na televisheni huja kwa sura nne.

Ya kwanza ni hofu ya picha. Kijana ameona kitu: ajali, mauaji, filamu ya kutisha iliyotafsiriwa na DJ kwenye kibanda umiza, klipu ya maandamano. Dalili zake zinajionyesha. Hataki kwenda choo cha nje usiku bila kusindikizwa, analala taa ikiwaka, anashtuka akisikia mlio, anaomba kuhamia chumba cha wadogo zake. Picha inamrudia bila kuitwa, hasa anapofumba macho.

Ya pili ni hofu ya uvumi. Hajaona kitu, ameambiwa. Noah nyeusi inazoa watoto, kuna mchezo wa simu unaoua, kesho kutwa kutakuwa na giza siku tatu. Huyu huuliza maswali mengi, hukwepa njia fulani, na huwatumia wenzake ujumbe uleule uliomtisha.

Ya tatu ni hofu ya macho ya watu: kuchekwa, kupitwa, kuonekana mshamba, mnene au mweusi kupita kiasi. Hujificha ndani ya tabia zinazofanana na majivuno. Anapiga picha 40 na kuweka moja, anafuta baada ya dakika tano kwa kuwa hakuna aliyeipenda, hataki kupigwa picha na familia.

Ya nne ni hofu ya siri, na ndiyo hatari kuliko zote. Kuna mtu upande wa pili anayemtisha. Simu ikitetemeka kijana anabadilika rangi. Anaigeuza kifudifudi, anatoka nje kuisoma. Ghafla anahitaji pesa ndogondogo na maelezo yake hayashikani, au anaanza kuuza vitu vyake. Wasiwasi ukiambatana na pesa, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6.

Namna ya kuuliza ina uzito sawa na swali lenyewe. Kikao cha baba, mama na mjomba sebuleni, kijana amesimama katikati, hakizai ukweli. Kinazalisha majibu mafupi. Muulize mkiwa mnafanya kazi pamoja na macho yenu yako kwenye kitu kingine: mnaosha vyombo, mnachambua mboga, mmekaa kwenye daladala. Anza na wengine kabla yake. "Nasikia watu wanatumiana video za ile ajali. Zimefika na kwenye grupu lenu?" Kisha: "Wenzako wamezionaje?" Mwisho ndipo: "Na wewe, kuna kitu kimebaki kichwani?"

Kabla hajajibu, mpe ahadi hii kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo: "Hutanyang'anywa simu kwa sababu umeniambia ukweli." Halafu itunze, hata kama utakachosikia kitakukera. UNICEF, INTERPOL na ECPAT, mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto, walifanya utafiti katika nchi kadhaa zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, ripoti zikatoka 2021 na 2022. Ulionyesha kwamba watoto wengi waliotendewa ukatili mtandaoni hawakumwambia mtu, au walimwambia rafiki tu. Waliofika polisi au kupiga namba ya msaada walikuwa wachache mno. Kilichomziba mdomo kijana wako leo huenda ni kipigo alichokula jirani yake mwaka jana kwa kosa la namna hiyo.

Hatua ya 2: Kama ni hofu ya picha

Umri unabadilisha kila kitu hapa. Mtafiti wa Marekani Joanne Cantor, aliyechunguza hofu za watoto mbele ya televisheni kwa miaka mingi, alionyesha kwamba watoto wadogo, hadi karibu miaka 7 au 8, huogopa kinachoonekana vibaya: meno, damu, sura iliyobadilika ghafla. Kumwambia "hiyo ni sinema tu" hakumsaidii sana. Kinachomsaidia ni mwili: mkumbatie, mpe maji, mpe kitu cha kushika, kaa naye mpaka alale. Ukubwani mambo hugeuka. Kijana wa miaka 13 haogopi zimwi. Anaogopa kinachoweza kutokea kweli, na anahitaji maelezo ya kweli.

Siku ileile, ikiwezekana kabla hajalala, fanya haya kwa mpangilio huu.

Mwache aeleze alichoona mara moja, kwa maneno yake. Usimdai undani na usimrudishe nyuma akamalizie kipande alichokiruka. Kukilazimisha ni kuichapa ile picha upya. Sikiliza alichoelewa vibaya, kwa maana hapo ndipo pa kufanyia kazi. Mtoto anayekutana na klipu ileile mara kumi anaweza kudhani matukio ni kumi. Kijana anaweza kuamini kwamba tukio la nchi nyingine limetokea mtaa wa pili.

Mpe ukweli mfupi: wapi, lini, nani anashughulikia, sisi tuko umbali gani. Kama hatari ipo kweli, usiikane. Vijana wa Nairobi walioona picha za maandamano ya Juni 2024 walijua watu wamekufa, na mzazi aliyesema "hakuna kitu" alijiondoa mwenyewe kwenye orodha ya watu wa kuaminiwa. Sema kilichopo, kisha sema mpango: njia ipi tutapita, nani utampigia, tutafanya nini ikitokea.

Kisha isafishe simu, na hili wengi hulisahau. WhatsApp hupakua picha na video zenyewe na kuziweka kwenye matunzio ya simu. Kijana akifungua picha za harusi ya dada yake, maiti nayo imo. Mbaya zaidi, programu za picha hupenda kutengeneza "kumbukumbu", na mwakani zinaweza kumletea ile ajali na muziki juu yake. Fanya hivi:

1. Fungua WhatsApp, nenda Mipangilio, kisha Hifadhi na data. Kwenye sehemu ya kupakua media kiotomatiki, ondoa alama zote kwenye data ya simu, Wi-Fi na unapokuwa nje ya nchi. Video itakuja ikiwa na ukungu, na haitafunguka mpaka aibonyeze. Bando nalo litadumu.
2. Rudi Mipangilio, ingia Gumzo, uzime uonekanaji wa media ili zisiingie kwenye matunzio. Simu nyingi za Android zina chaguo hili. Kwenye iPhone ni chaguo la kuhifadhi kwenye picha.
3. Futa video yenyewe kwenye gumzo, kisha kwenye matunzio, kisha kwenye pipa la taka la matunzio. Mahali ni patatu. Ukifuta mahali pamoja peke yake, umeficha tu.
4. Nenda Faragha, kisha Vikundi, uweke kwamba anayeweza kumwingiza kwenye grupu ni mtu aliye kwenye orodha yake ya namba peke yake. Makundi yanayomwaga picha za damu mara nyingi ni yale kijana aliyoingizwa na namba asiyoijua.

Picha kumrudia kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, ni kawaida. Mweleze hivyo, asije akadhani amerukwa na akili. Mchana apate kazi ya mikono au mchezo wa kukimbia. Kukaa kimya na kujaribu kutoifikiria huifanya ing'ang'anie.

Hatua ya 3: Vunja mzunguko wa mapendekezo

Kijana anasema, "Sizitafuti, zinakuja zenyewe." Mara nyingi anasema kweli. TikTok ilieleza wazi 2020 kwamba kuitazama video ndefu hadi mwisho ni ishara yenye uzito mkubwa kwa mfumo wake unaopendekeza video. Mfumo haujui kwamba macho yalikodoka kwa woga. Unahesabu sekunde tu. Kuandika "jamani mbona mnatutisha" chini ya video nako ni kushiriki. Kumtumia rafiki ili mcheke pamoja nako ni kushiriki. Kwa hiyo anayeogopa huletewa zaidi, na akiogopa zaidi hutazama zaidi. Ndivyo tabia inavyobadilika polepole: huanza na simulizi za majini saa mbili usiku na kuishia kijana hataki kulala peke yake.

Simu ya pamoja ina tatizo lake la ziada. Mjomba akiangalia mapigano na ajali usiku, asubuhi mtoto wa darasa la tano akishika simu hiyohiyo analetewa chakula cha mjomba. Kumlaumu mtoto hapo ni kumwonea. Fungua akaunti tofauti kwa mtoto au, kama simu ni ya zamani na haibebi, tumia YouTube bila kuingia kwenye akaunti yoyote wakati wa mtoto.

Kazi ya kusafisha ifanyeni pamoja, kijana akishika simu yeye. Tengeni dakika 20.

Kwenye TikTok, bonyeza kwa muda video usiyoitaka na uchague kwamba huvutiwi nayo. Rudia kwa kila video ya aina hiyo mtakayokutana nayo. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mapendeleo ya maudhui, mchuje kwa maneno. Andikeni maneno halisi wanayotumia wanaoweka video hizo: "maiti", "ajali", "majini", "kuzimu", na yale ya Kiingereza pia. Hapohapo kuna chaguo la kuanzisha upya mapendekezo, lililoongezwa 2023. Likibonyezwa, akaunti huanza kama mpya, na siku mbili tatu za mwanzo ndizo zitakazoamua itajaa nini. Atafute kwa makusudi vitu 10 anavyovipenda kweli, iwe mpira, mapishi, hesabu au kusuka, na avitazame hadi mwisho.

Kwenye YouTube, futeni historia ya kutazama na ya kutafuta, kisha zimeni kucheza kiotomatiki. Hili la pili ni dogo lakini lina faida kubwa, kwa kuwa video inayotisha mara nyingi haikuchaguliwa, ilifuata tu.

Kinachokwama: wazazi husafisha TikTok na kuiacha Facebook, Instagram na status za WhatsApp. Au wanasafisha mara moja na kuhesabu kazi imekwisha. Rudini kuangalia baada ya wiki, kisha baada ya mwezi.

TikTok ina pia utaratibu wa kuunganisha akaunti ya mzazi na ya kijana, na tangu 2023 akaunti za walio chini ya miaka 18 huwekewa kikomo cha dakika 60 kwa siku. Kikomo hicho kijana wa miaka 13 na kuendelea hukivuka kwa kuandika namba ya siri aliyopewa. Na mwenye akaunti iliyofunguliwa kwa mwaka wa kuzaliwa wa uongo hakimhusu kabisa. Angalia umri ulioandikwa kwenye akaunti kabla ya kutegemea ulinzi wowote.

Hatua ya 4: Ondoa usiku

Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu kati ya haya yote, fanya hili. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza 2016 saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Piga hesabu yako: mwanafunzi anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi gari la shule anapaswa kuwa amelala saa 3 usiku ili apate hizo 8 za chini kabisa. Bando la usiku huanza saa 6. Linauzwa bei rahisi, linamalizwa kwa pupa kabla ya alfajiri, na linamkuta kijana saa ambayo uchovu umekwishamwondolea uwezo wa kupima mambo.

Simu zote zilale sebuleni au chumbani kwa mzazi, kwenye chaja, kuanzia saa 2:30 usiku. Zote, ya baba ikiwamo. Sheria inayomhusu mtoto peke yake haimalizi wiki tatu. Nunua saa ya mezani ya kuamshia, kwa sababu "naitumia kama alamu" ndiyo hoja itakayokuja siku ya kwanza, na ni hoja nzuri. Hoja ya pili itakuwa masomo: walimu wanatuma kazi kwenye grupu. Kubaliana na kijana apakue au anakili kazi kabla ya saa 2.

Wiki ya kwanza kutakuwa na ubishi na huenda uongo. Kijana aliyezoea kusinzia huku akitazama atakaa macho; mpe redio kwa sauti ya chini, au kitabu. Kwa wanaotoka bweni, likizo ndiyo wakati mgumu, kwani miezi mitatu bila simu hulipizwa kwa siku tatu bila kulala. Anza utaratibu usiku wa kwanza wa likizo. Ukisubiri wa tano, umechelewa.

Hatua ya 5: Kama ni hofu ya uvumi

Uvumi haukuanza na intaneti. Mumiani na chinjachinja walitisha watoto wa pwani na bara enzi za ukoloni, na Popobawa, jini la kuvumishwa, alikesha na watu wa Pemba na Unguja mwaka 1995 bila WhatsApp hata moja. Umati ukamuua mtu asiye na hatia. Simu imeongeza kasi, na imeongeza picha zinazofanana na ushahidi.

Mwaka 2018 India ilikumbwa na mauaji ya watu waliosingiziwa kuiba watoto. Video iliyosambaa zaidi ilionyesha mtu kwenye pikipiki akimkwapua mtoto. Ilikuwa imekatwa kutoka tangazo la kuelimisha kuhusu usalama wa watoto lililotengenezwa Karachi, Pakistan. Kipande cha mwisho, ambapo mtoto anarudishwa na bango linaonyeshwa, kiliondolewa. Ilikuwa kwa sababu ya mambo haya WhatsApp ilipunguza idadi ya watu wa kusambazia ujumbe hadi 5 kwa mara moja, India kwanza, kisha dunia nzima Januari 2019.

Mfundishe kijana kupima kabla ya kuogopa. Mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umepita mikono mitano au zaidi. Aliyekutumia hajui ulikotoka. Hauna tarehe, unasema "jana" tu, na jana hiyo haiishi. Mhusika ni mtoto wa jirani ya rafiki. Mwisho unaamrisha: tuma kwa wazazi wote. Ukikuta mambo matatu kati ya haya, usiutume. Kama kuna picha, ipitisheni kwenye Google Lens muone imewahi kutokea wapi. Halafu mpigieni mtu mmoja anayejua kweli: mwalimu mkuu wa shule iliyotajwa, mwenyekiti wa mtaa, chifu au kituo cha polisi.

Wakubwa wana sehemu yao ya lawama, na ni kubwa. Februari 2019 shule na wazazi wa Uingereza walisambaza onyo kuhusu "Momo", sura ya mwanamke mwenye macho yaliyotoka, eti anawaamuru watoto wajidhuru. Sura ile ilikuwa sanamu ya msanii wa Kijapani Keisuke Aiso, iliyoonyeshwa Tokyo 2016. Mashirika ya Uingereza yanayolinda watoto yalisema hakuna ushahidi wa mtoto aliyedhurika. Watoto wengi waliiona sura hiyo mara ya kwanza kwenye onyo lenyewe. Miaka miwili kabla, Kenya ilikuwa imepiga marufuku "Blue Whale", mchezo uliosemekana kuwasukuma vijana wajidhuru, na kelele za namna hiyo zinaweza kuwafanya vijana ambao hawajawahi kuusikia waanze kuutafuta.

Kwa hiyo, mwalimu ukitaka kuonya, usitaje jina la mchezo na usiweke picha. Onya kuhusu tabia: "Mtu yeyote mtandaoni akikuamuru ujiumize au ufiche jambo kwa wazazi, njoo uniambie." Onyo hilo halizeeki, wala halitangazi biashara ya mtu. Vivyo hivyo kwa changamoto za kuigana zinazoambukizana darasani: ongea na mwanafunzi aliyeanza na wawili watatu walio karibu naye, usiitangaze paredi.

Kuhusu hofu ya tatu, ya macho ya watu, hatua ni chache. Kwenye Instagram kijana anaweza kuficha hesabu ya waliopenda picha zake na za wengine. Aache kufuata akaunti tano zinazomwacha akijisikia vibaya. Azichague mwenyewe, wewe usiziguse. Na nyumbani wenyewe tupunguze kumtania kuhusu rangi na unene, kwa kuwa maneno ya shangazi kwenye grupu la familia huchoma kuliko ya mtu asiyemjua.

Hatua ya 6: Kama ni hofu ya siri

Utapeli wa picha za utupu huenda hivi. Akaunti yenye picha ya msichana, au mvulana, inaomba urafiki. Ndani ya saa chache, wakati mwingine dakika, inahamishia mazungumzo WhatsApp au Telegram. Inatuma picha kwanza, inaomba ya kijana, au inapiga simu ya video inayorekodiwa. Kisha inakuja picha ya skrini yenye orodha ya marafiki zake, mwalimu na mama wakiwamo: tuma pesa au wote wataona. Wavulana hunaswa sana na mtego huu wa pesa. Kwa wasichana, mara nyingi mtishaji ni mtu anayefahamika, mpenzi wa zamani au jirani, na anachodai si pesa.

Sentensi yako ya kwanza ndiyo itakayoamua yote. Iwe: "Umefanya vizuri kuniambia. Hili lina njia ya kutoka." Kufoka kuje baadaye, au kusije kabisa. Kijana aliye kwenye hali hii anaweza kufikiria kujiua usiku huohuo, kwa hiyo asiachwe peke yake siku za mwanzo; alale chumba kimoja na mtu mkubwa anayemwamini.

Kisha:

1. Msilipe. Malipo ya kwanza humthibitishia tapeli kwamba kuna pesa, na dai la pili huwa kubwa zaidi. Kama mmekwishalipa, acheni hapo, na muwapigie kampuni ya simu mara moja mueleze muamala ule.
2. Msifute kitu. Pigeni picha za skrini za vitisho, jina la akaunti, kiungo cha wasifu wake, namba ya simu, tarehe na saa, na ujumbe wa muamala unaoonyesha jina la mpokeaji.
3. Picha yenyewe ya utupu ya mtoto msimtumie mtu, hata kama ni ushahidi, hata kama ni mjomba askari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zinafanya usambazaji wa picha hizo kuwa kosa. Ionyesheni kwenye simu hiyohiyo kituoni.
4. Ripotini akaunti ndani ya programu, kisha ndipo mumbloku. Ukianza kumbloku, baadhi ya programu huficha mazungumzo na kukuondolea ushahidi.
5. Fungeni akaunti za kijana ziwe za faragha na mfiche orodha ya marafiki. Ile orodha ndiyo silaha ya tapeli.
6. Kama picha ni ya aliye chini ya miaka 18, tumieni huduma ya bure ya Take It Down, iliyoanzishwa 2023. Simu hutengeneza alama ya kidijitali ya picha, na alama hiyo ndiyo inayopelekwa, picha haitoki. Majukwaa makubwa yanayoshiriki huitumia kuizuia. Mwenye miaka 18 au zaidi atumie StopNCII, huduma ya namna hiyohiyo. Kwa WhatsApp na mazungumzo mengine yaliyofungwa kwa siri huduma hizi hazifiki.
7. Pigeni 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto, inayofanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda. Tanzania mnaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na muombe kuonana na afisa wa dawati hilo, msieleze kisa chote kaunta mbele ya foleni.

Andaeni pia jibu, endapo picha itamfikia mtu. "Nilitapeliwa, tumeripoti, naomba uifute" linatosha. Kijana aliyelifanyia mazoezi mara tatu na mzazi wake hutembea tofauti siku ya kurudi shule.

Hatua ya 7: Jua mahali pa kukabidhi

Mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili, au anza na daktari wa kituo cha afya, kama picha au hofu bado inamsumbua baada ya mwezi mmoja, kama ameacha kwenda shule, kama analala chini ya saa 5 kwa wiki nzima, au kama tumbo na kichwa vinamuuma kila asubuhi ya shule na vipimo havioni kitu. Akitamka kwamba afadhali afe, akianza kujikata au kugawa vitu vyake, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke leo, na ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge. Kenya kuna pia 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa ushauri wa kisaikolojia, bila malipo.

Uendapo, beba karatasi moja: ameona au ametishiwa nini, tarehe gani, analala saa ngapi hadi saa ngapi, ameacha kufanya nini alichokipenda, na mmejaribu hatua zipi. Nenda na simu ikiwa na chaji.